Lete Simu Yenyewe: Jinsi ya Kupata Kava Linaloikaa

Kabla ya saa nne asubuhi nakuwa nimeshaulizwa si chini ya mara kumi: "Dada, kava la Samsung lipo?" Lipo. Yamening'inia ukutani hapo, aina thelathini na ushee, na kati ya hayo pengine mawili tu ndiyo yataikaa simu yako. Kuniuliza kava la Samsung ni sawasawa na kuingia duka la viatu ukauliza kama wana kiatu cha mwanamume.

Meza yangu iko barazani, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Huu ni mwaka wa tisa nauza makava na kubandika protekta, na kabla ya hapo nilikaa miaka miwili pembeni ya fundi simu, nikimshikia taa na kumfutia vioo. Nimeona vioo vilivyopasuka ndani ya kava la elfu ishirini, nimeona na simu zilizobingirika ngazi nzima zikapona ndani ya kava la elfu tatu. Bei haijawahi kunisaidia kujua ipi itapona. Naangalia jinsi kava lilivyoishika simu, basi.

Kwanza jina, herufi kwa herufi

Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuja kumnunulia mwanawe aliyeko Songea. "Simu yake A05," akasema. Ana haraka, mzigo unatakiwa stendi ya Magufuli jioni ile ile. Nikamuuliza mara mbili: mama, A05 au A05s? "Hiyo hiyo." Nikafunga. Siku ya tatu ikaja picha WhatsApp: kava limeingia, lakini kamera moja imezibwa kabisa. A05 ina kamera mbili nyuma, A05s ina tatu. Kwa urefu zinapishana chini ya milimita moja, ndiyo maana kava lilikubali kuingia bila ugomvi. Tena A05s inasoma alama ya kidole pembeni, kwenye batani ya kuwashia, na A05 haina kitu hicho. Kava likawa limeifunika batani, kijana akarudi kwenye kuandika namba za siri kila anapofungua simu. Herufi moja ikala nauli ya mzigo mara mbili.

Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu, wala boksi la zamani ambalo siku hizi unatunzia risiti za luku. Kwenye Android fungua mipangilio, tafuta "Kuhusu simu" (kwa simu nyingi iko chini kabisa), gusa hapo. Utaona jina, na karibu yake utaona namba ya modeli. Hiyo namba ndiyo mimi naitaka. Za Samsung zinaanza na SM, za Infinix zinaanza na X, na za Tecno ni herufi na tarakimu fupi tu. Spark 10 Pro kwa mfano ni KI7. Jina la biashara linaweza kuwa na ndugu wanne: Spark 10, Spark 10C, Spark 10 Pro, Spark 10 5G. Namba ya modeli haina ndugu. Kwenye iPhone ni General, kisha About. Piga picha ukurasa huo uje nao.

Angalia pia kama ni ya 4G au 5G. Redmi Note 12 ya 4G na ya 5G si mwili mmoja, ingawa ukiziweka mbali kidogo utaapa ni pacha.

Wa iPhone nao wana mambo yao. iPhone 12 na 12 Pro zinavaa kava moja, hapo usikubali kulipishwa zaidi kwa sababu ya neno "Pro". iPhone 7, 8, SE ya 2020 na SE ya 2022 nazo ni mwili mmoja. Lakini SE ya 2016 ni ndogo, inavaa la 5s. Halafu kuna mitego miwili inayonirudishia watu kila wiki. XR na 11 zina urefu, upana na unene ule ule, ila XR ina kamera moja na 11 ina mbili kwenye kibati cha mraba. Kava la XR ukilivika 11 linakwama hapo hapo. Na 13 kwa 13 Pro mwili ni mmoja, lakini kibati cha kamera cha Pro ni kikubwa zaidi. La Pro litaingia kwenye 13 ya kawaida, likaacha nafasi kuizunguka kamera, vumbi likajaa. La 13 ya kawaida kwenye Pro haliingii ng'o.

Kuna wakati jina ni sahihi na kava bado linagoma. Alikuja kaka mmoja na simu iliyoandikwa S23 Ultra, kainunua kwa mtu. Kava la kwanza likagoma, la pili likagoma, la tatu likaingia kwa kulazimisha huku matundu ya kamera yamehama. Akaanza kupandisha sauti kwamba nauza makava feki. Nikamwambia anko, piga *#06#, chukua hiyo namba yenye tarakimu 15, itume kwenda 15090. Huduma hiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, watu waliijua mwaka 2016, kipindi kile simu bandia zilipozimwa usiku wa Juni 16. Jibu likarudi, na jina lililokuja halikuwa Samsung. Alikaa kwenye kigoda changu kama dakika tano bila kusema kitu. Simu za namna hiyo zimetengenezwa kufanana kwa macho, vipimo wanavikosea. Kama yako ni hiyo, usisumbuke kutafuta kava la jina lake. Chukua pochi yenye vishikio vya mpira kwenye pembe nne, inavutika.

Livalishe, halafu lihoji

Sasa kava liko mkononi na limeingia. Usilipe bado. Mimi mteja akinipa dakika tatu nafanya hivi, na wewe unaweza kufanya popote bila kifaa chochote zaidi ya kadi ya benki.

Anza na pembe. Simu ikianguka mara nyingi pembe ndiyo inayofika chini mwanzo. Shika simu kwa viganja viwili, bonyeza pembe moja moja kwa kidole gumba ukisukuma kava kutoka kwenye simu. Kava linalokaa halisogei. Linatoa sauti ndogo kavu unapolivalisha halafu linatulia. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Jaribu kuipenyeza ukingo wake kati ya kava na ubavu wa simu. Ikizama hata kwenye pembe moja, kava hilo ni pana, na likikaa miezi miwili ya joto la Dar litakuwa pana zaidi. Kwa upande mwingine, kama umelivalisha ukatoa jasho na ukingo mmoja umebaki umepinda nje, hilo ni dogo. Usidanganywe na "litazoea". Plastiki ngumu haizoei, inapasuka, na huwa inapasukia pale pale karibu na tundu la chaji palipo pembamba.

Batani. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Zibonyeze zote, taratibu: ya kuwashia, ya kuongeza sauti, ya kupunguza. Kila moja lazima uisikie inabofya chini ya kava na kurudi. Ikibofya kwa shida, utakuja kuichukia. Ikiwa imebonyezwa tayari kabla hujaigusa, hilo kava litakugharimu.

Alikuja kijana wa bodaboda, simu yake inajizima na kuwaka yenyewe. Alishakwenda kwa fundi mahali fulani, akaambiwa batani imekufa, abadilishe, elfu thelathini na tano. Hana hela, kaja kwangu kununua chaja akidhani chaji ndiyo tatizo. Nikaiangalia: kava gumu jeusi, limekaza ubavuni, tena simu anaibana kwenye kishikio cha usukani, meno ya kishikio yanakaa juu ya batani ya kuwashia. Nikavua kava. Tukaiweka mezani tukawa tunaongea habari za mafuta kupanda. Nusu saa nzima haikuzima. Ukiishikilia batani hiyo muda mrefu simu nyingi zinajiwasha upya, ndivyo zilivyotengenezwa. Na simu nyingi za Android ukiibonyeza mara tano haraka zinataka kupiga simu ya dharura. Barabara ya vumbi yenye mashimo inaweza kukubonyezea mara tano kabla hujafika Buguruni. Nikampa kava laini lililokatwa wazi kwenye batani, elfu nne, na nikamwonyesha abane simu juu kidogo. Chaja hakununua.

Kama simu yako inasoma kidole pembeni, kava lazima liwe na uwazi hapo, na uwazi wenyewe usiwe shimo refu ambalo kidole kinashindwa kufika chini. Jaribu kufungua simu kwa kidole gumba mara tano. Ikikataa mara mbili, tafuta lingine.

Tundu la chaji lijaribu kwa waya wako, wa kwangu hautakusaidia. Waya za kwangu zina kichwa chembamba. Wako wa nyumbani pengine una kichwa kinene, na kava nene lenye tundu dogo litauzuia usizame mpaka mwisho. Utasema chaja ni mbovu, utanunua nyingine.

Maiki wengi hawaijui iko wapi. Simu nyingi zina moja chini karibu na tundu la chaji na kijitundu kingine juu, kama kimechomwa na sindano. Hiki cha juu kinasaidia kuondoa kelele. Kava la ovyo linakiziba. Jirekodi ujumbe wa sauti ukiwa umevaa kava, sema sentensi moja, usikilize. Vua kava, rudia sentensi ile ile. Ukisikia tofauti, kama mtu anayeongea ndani ya ndoo, umeshapata jibu. Kariakoo ni mahali pazuri pa kufanyia jaribio hili kwa sababu ya kelele.

Kamera: inamishia simu ndani ya mkoba au chini ya meza penye giza, washa mwanga wa kamera, piga picha. Ikitoka na ukungu mweupe pembeni, mwanga unagonga ukingo wa kava na kurudi kwenye lenzi. Makava ya rangi nyeupe na yale ya kumetameta ndiyo yenye tabia hiyo.

Mwisho, laza simu mezani kioo kikiwa juu, halafu simamisha kadi ya benki kwa ukingo wake mrefu, ikae juu ya kava kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Chukua karatasi ya kawaida, ikunje mara mbili, ipitishe kati ya kadi na kioo. Ikipita kirahisi, ukingo wa kava umepanda juu ya kioo, na ukiilaza simu kifudifudi kitu pekee kitakachogusa meza ni kava. Ikikwama, kioo chako kitalala mezani, na siku simu ikiangukia uso kioo ndicho kitakachopokea. Geuza ufanye hivyo hivyo upande wa kamera. Rudia jaribio hili protekta ikiwa imeshabandikwa, kwa sababu protekta nene inakula ule ukingo.

Protekta na kava wana ugomvi wao mwingine. Protekta inayofika mpaka ukingoni kabisa, kava likiwa limekaza, linaisukuma kutoka pembeni. Asubuhi unakuta kiputo cha hewa, jioni kimekuwa kirefu kama mdudu. Nikibandika protekta huwa navalisha kava kwanza, naangalia ukingo unaishia wapi, halafu ndiyo nachagua protekta inayoacha nywele moja ya nafasi. Fundi akikubandikia kabla hajaliona kava lako, mwambie asubiri.

Laini, gumu, la pochi

Sitakuchosha hapa. Yale laini yanayoonekana ndani ni plastiki inayoitwa TPU. Yanashika vizuri mkononi, yanameza kishindo, na yatakuwa ya manjano. Hakuna sabuni wala dawa ya meno itakayorudisha weupe, kwa sababu si uchafu. Jua na joto vimeibadilisha plastiki yenyewe. Usimwamini anayekuambia lake halibadiliki kamwe. Kama manjano yanakukera, chukua jeusi au lenye rangi.

Magumu matupu yanapendeza na hayatanuki, ila simu ikianguka kishindo kinapita moja kwa moja. Mimi napendelea lililochanganywa: mgongo mgumu, ubavu laini, pembe zimevimba kidogo kwa hewa.

Utakutana na makava mazito yameandikwa "military grade". Maneno hayo huwa yanatokana na kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810, ambapo kitu kinaangushwa mara 26 kutoka urefu wa sentimita 122. Kinaangukia ubao wa plaiwudi uliolazwa juu ya zege. Mkazi wa Dar simu yake inaangukia kokoto, vigae na ngazi za daladala, tena mwenye kiwanda ndiye anayejipima na kujipa hati. Linaweza kuwa kava zuri, nami nayauza. Lakini lipime kwa kadi na karatasi kama mengine.

Pochi za kufunga zenye sumaku zinafaa kwa wazee wetu, zinalinda kioo hasa. Kwa dereva wa taksi za mtandao sikushauri: sumaku inaichanganya dira ya simu, ule mshale wa ramani unaelekea baharini na wewe unakwenda Ubungo. Na kama simu yako inachajiwa kwa kuilaza bila waya, usinunue lenye unene mkubwa au bati nyuma.

Ukiwa mbali na duka

Watu wa Mpanda, Kigoma, Newala wananitumia hela na kusubiri mzigo, na wao ndio wanaoumia zaidi kosa likitokea. Nimewafundisha njia hii. Laza simu bila kava juu ya karatasi nyeupe, kioo juu. Izungushie penseli iliyosimama wima. Weka alama ndogo mahali kila batani inapoanza na inapoishia, tundu la chaji, tundu la earphone kama lipo, na spika. Pembeni yake zungushia kadi ya benki. Kadi zote za benki zina urefu wa milimita 85.6, kwa hiyo nikipata picha ya karatasi hiyo najua kipimo bila wewe kuwa na rula. A05s, kwa mfano, inakaribia urefu wa kadi mbili, inapungukiwa milimita tatu hivi. Ongeza picha ya mgongo wa simu iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, na ile ya ukurasa wa "Kuhusu simu". Picha tatu, na sijakosea tena Songea.

Muuzaji naye mdai picha. Mwambie avalishe kava kwenye simu ya modeli hiyo au walau alishike mkononi mgongo ukionekana, picha ya leo, isiwe ya mtandaoni. Na ujue kwamba kava ambalo mtu hana atamtuma winga, yule kijana wa kuzunguka madukani kutafuta bidhaa, alitafute duka la tatu, winga naye ataongeza chake. Hakuna ubaya, ndivyo Kariakoo inavyokula. Ila winga anakimbia na jina kichwani, hana karatasi yako. Sisitiza apewe namba ya modeli kwenye simu yake.

Kwa simu ngeni mno, au ya zamani mno, ukilipata kava sahihi nunua mawili. Mzigo wa modeli za zamani ukiisha hauletwi tena.

Ukishalivaa

Livue kila Jumapili. Mchanga unaingia kati ya kava na simu, hasa kwa mtu anayeshinda Kigamboni au kwenye vumbi la ujenzi, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Kava lililokazana vizuri linausaga mgongo wa simu kama msasa. Osha kava kwa maji na sabuni ya kawaida, likauke kabisa, ifute simu kwa kitambaa kikavu, valisha. Lianze kuvuliwa kutoka pembe ya upande wa chaji kwa simu nyingi; ukianzia penye batani unalivuta panapolegea haraka.

Simu ikipata moto ukiwa unachaji, livue mpaka ipoe. Na siku ukiona pembe moja inavuka yenyewe mfukoni, kazi ya kava hilo imekwisha hata kama bado linang'aa.

Kava langu likikataa nalipokea mpaka kesho yake jioni, mradi halijakatwa kwa mkasi. Wanayakata kweli, eti wanapanua tundu la kamera. Na ukija, njoo na simu ina chaji. Siwezi kukupimia maiki kwenye simu iliyozimika.